Jino la Thelathini na Saba

Mimi nikisikia kitu kinagonga kwa mpigo mmoja, nasimama. Iwe bomba linadondosha maji kwenye ndoo, iwe jirani anapigilia msumari, iwe mtoto anagonga kijiko mezani. Nashika kilicho karibu, nasubiri. Mpigo ukiruka, au ukichelewa, ndipo ninapoendelea na shughuli zangu. Wanaonijua wamezoea. Wasionijua huniuliza, "Mzee, vipi, moyo?" Nawaambia ndiyo, moyo. Ni rahisi kuliko kueleza habari za gia.

Leo nitaeleza, kwa sababu waliopaswa kueleza wamekaa kimya, na kimya chao kinalipwa mshahara.

Nilikuwa mpakaji wa grisi kwenye mashine za kiwanda cha unga. Jengo lina ghorofa nne. Ngano inapandishwa juu kwa mabomba, inashuka ikisagwa na kuchekechwa, inafika chini ikiwa unga. Watu nao lazima wapande. Ngazi zipo, za saruji, pana, lakini zilifungwa kwa mlango wa nondo tangu wakubwa waseme kuna watu wanashuka nazo wamejifunga unga kiunoni. Tukabaki na mkanda.

Fikiria mkanda wa turubai nene, mpana kama mlango, umesimama wima kutoka chini hadi juu kabisa. Unapita kwenye matundu ya sakafu, unazunguka bila kupumzika, upande mmoja unapanda, upande wa pili unashuka. Umefungwa vibao vya kukanyaga na vishikizo vya mkono. Kibao kikifika miguuni pako unakanyaga, unashika, unachukuliwa. Ukifika ghorofa yako unatoka. Haukusubiri, uwe mzee, uwe mjamzito. Tuliuita Shemeji, kwa sababu ulitubeba kila siku na hakuna aliyeuamini.

Chini ya Shemeji kuna kishimo kilichofunikwa kwa bati, na ndani yake gia mbili zinazoumana. Kubwa ina meno sabini na mawili. Ndogo ndiyo inayosukumwa na mota, na ile iliyokuja na mashine ilikuwa na meno thelathini na saba. Nayajua kwa sababu niliyafuta kwa kitambaa miaka nenda rudi, moja moja, kama mama anavyomsafisha mtoto masikio. Ilipolika kabisa, wakubwa hawakuagiza nyingine kwa waliotengeneza mashine. Walikwenda karakana ya mtaa wa nyuma. Gia ikaja siku hiyo hiyo, inang'aa. Nikaipaka grisi, nikaihesabu. Thelathini na sita. Nikarudia kwa kuanzia kwingine. Thelathini na sita.

Nikamwambia msimamizi. Akaniambia, "Wewe hesabu makopo yako ya grisi."

Gia hiyo ndiyo iliyopasuka mchana mmoja, watu wakiwa kwenye mkanda. Shemeji ukiwa na uzito upande wa kupanda na gia imepasuka, hakuna kinachoushika, unarudi nyuma. Breki ilikuwepo, ila ilifungwa kwa waya tangu enzi, eti inashika ovyo na kuchelewesha kazi. Mkanda ulirudi kwa kasi kama kamba ya kisima iliyomponyoka mtu. Wawili waliokuwa chini chini walivunjika miguu. Mke wangu alikuwa anakwenda kusafisha machekecheo ya ghorofa ya nne. Yeye alikuwa juu kuliko wote.

Wakubwa walikuja mazishini na shada kubwa lenye utepe. Meneja wetu alisimama akasema ni bahati mbaya. Tulimwita Keshokutwa, kwa sababu ukimwomba chochote, hata sabuni ya kunawa, atakujibu keshokutwa. Siku ile hakusema keshokutwa. Bahati mbaya ilipatikana hapo hapo.

Wakaleta gia nyingine kutoka karakana ile ile. Thelathini na sita. Ile kubwa hawakuibadilisha. Jino lake moja, lililokuwa limeinama kidogo tangu zamani, lilichubuka zaidi siku ya msiba, wakalipitishia tupa, wakasema imetosha.

Binti yangu ndiye pekee niliyebaki naye. Jioni moja alikaa mlangoni akimenya viazi, akasema bila kuniangalia:

"Baba, nimepata kazi."

"Wapi?"

"Kwa mama."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ghorofa ya nne. Machekecheo. Nafasi ipo wazi tangu..." Akaendelea kumenya.

"Mwanangu, dunia nzima umekosa mlango wa kugonga isipokuwa ule?"

"Nimegonga yote, Baba. Ule ndio uliofunguliwa. Na wewe unakohoa unga tangu asubuhi mpaka asubuhi. Siku wakikuona huwezi kuinama kwenye kile kishimo, watakutoa kama gunia bovu. Halafu tule nini, grisi?"

Ana mdomo wa mama yake. Mama yake aliwahi kumwambia Keshokutwa mbele ya watu kwamba tai yake imefungwa kama uzi wa gunia. Nilicheka siku ile mpaka nikatoka nje. Jioni ya viazi sikucheka.

Akaanza. Kila asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kishimoni na kopo langu, nikaona viatu vyake vya turubai vikikanyaga kibao, vikapanda, vikamezwa na tundu la sakafu. Nilikuwa nasubiri mpaka nisikie sauti yake juu akiwasalimia wenzake. Ndipo niliposhika kitambaa.

Na hapo ndipo mpigo ulipoanza. Ko.

Mwanzoni ulikuwa mdogo, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole, kwa adabu. Ko. Gia kubwa inazunguka, inanguruma, inafika mahali fulani: ko. Inazunguka tena: ko. Kila mzunguko, mahali pale pale. Sauti hiyo niliifahamu. Niliwahi kuisikia wiki za mwisho za mke wangu, na wakati ule nilipouliza nikaambiwa chuma kipya lazima kiseme seme.

Niliinua bati, nikatazama. Jino lililochubuka la gia kubwa lilikuwa linashuka, linaingia, na linapoingia linakutana na jino moja la gia ndogo. Nikalitia alama ya chokaa lile dogo. Mzunguko uliofuata, jino lililochubuka likalipiga lile lenye chokaa. Uliofuata, lile lile. Meno thelathini na matano mengine yako salama, yanapita yanang'aa, na moja linapigwa. Ilikuwa kama kuona mtu anapigwa na mtu yule yule kila siku kwenye nyumba yenye majirani.

Nikaenda kwa injinia. Huyu ni kijana wa miwani, mpole, amesoma nje na akarudi, na ofisi yake ni kichumba nyuma ya bohari. Nilitegemea anifukuze. Aliponisikia nikisema "jino lile lile," akavua miwani akaifuta, akaivaa, akafunga mlango.

"Kaa, Mzee wangu."

Akatoa kiberiti, akamwaga njiti mezani. Akapanga njiti nane kwa duara, na nne ndani yake.

"Hawa wanne wa ndani na hawa wanane wa nje wanasalimiana kwa zamu. Wa kwanza wa ndani anampa mkono wa kwanza wa nje. Wa pili na wa pili. Wa tatu, wa nne. Wa ndani wamekwisha, wanaanza upya. Kwa hiyo wa kwanza sasa anampa mkono nani?"

"Wa tano wa nje."

"Halafu?"

Nikafuata kwa kidole. "Anarudi kwa wa kwanza."

"Basi hao ndio wake hadi kufa. Wa kwanza na wa tano. Wengine hatawajua. Na wa kwanza wa nje hana mwingine kabisa ila yeye." Akaongeza njiti ya tano ndani. "Sasa wako watano. Fuata tena."

Nilifuata. Wa kwanza alikwenda kwa wa kwanza, kisha wa sita, kisha wa tatu, kisha wa nane. Alizurura duara zima, akampa mkono kila mtu, ndipo akarudi alikoanzia.

"Nne inaingia kwenye nane bila kubaki," akasema. "Tano haiingii. Na thelathini na sita inaingia kwenye sabini na mbili mara mbili kamili. Jino bovu la gia kubwa limefungishwa ndoa na jino moja la gia ndogo. Kila mzunguko linalipiga hilo hilo. Waliounda mashine hawakuwa wajinga. Thelathini na saba haigawiki. Ukiigawa kwa mbili inabaki moja. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa nne, kwa sita, kwa tisa, kwa kumi na mbili, kila mara inabaki moja. Tunaiita namba tasa. Haitoki kwa namba nyingine yoyote, ila yenyewe na moja. Ukiiweka pale, jino bovu litapita kwa meno yote thelathini na saba kabla ya kurudi kwa lile la kwanza. Kipigo kinagawanywa. Kila mmoja anaonja kidogo, hakuna anayekufa."

"Sasa kwa nini karakana wanaleta thelathini na sita?"

"Kwa sababu wana sahani ya kugawia yenye matundu. Unageuza tundu kwa tundu, unakata meno. Matundu ya thelathini na sita yapo. Ya thelathini na saba hayapo. Basi." Akakusanya njiti zake. "Jino moja, wakaona si neno. Wakaisogeza mota kidogo ili zishikane."

Nikamtazama. "Na wewe ulijua?"

Akairudisha njiti ya mwisho kwenye kiberiti. "Niliandika, Mzee. Kabla ya... kabla ya mama. Na baada yake. Wamesema msimu ukiisha."

"Uliandika."

"Nina watoto watatu shule. Ningefanya nini?"

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, mkono ulitaka. Lakini alikuwa anatetemeka kuliko mimi, na mtu anayetetemeka ukimpiga unakuwa umemsaidia, anapata sababu ya kulia. Nikamwambia, "Itapasuka lini?"

"Sijui. Siku sauti ikibadilika, Mzee, ikigonga mara mbili badala ya moja, ujue ufa umefika kwenye ekseli. Siku hiyo usizime mashine kama kuna mtu kwenye mkanda. Ukizima ghafla, uzito wote unarudi na kulikalia jino lile. Wacha uende, mpaka wa mwisho ashuke."

Ndivyo nilivyopewa hofu yenye maelezo. Ile ya zamani ilikuwa haina maelezo, na nakuambia ilikuwa nafuu.

Nilikwenda kwa Keshokutwa nikiwa nimenawa mikono. Alikuwa anakula chungwa, anatema mbegu kwenye karatasi.

"Bosi, gia ya mkanda imepungua jino."

"Imepungua mangapi?"

"Moja."

Akacheka mpaka chungwa likamponyoka. "Moja! Mzee, wewe mwenyewe mdomoni umebakiwa na mangapi? Na si unakula?"

"Bosi, mke wangu..."

Hapo akaweka uso wa mazishini. "Nakuelewa. Sote tuliumia. Lakini huwezi kila ukisikia chuma unasikia marehemu. Nenda kapumzike. Tutaliangalia keshokutwa."

"Basi fungueni ngazi."

"Ngazi! Ili unga utoke kwa miguu?"

Nikarudi kishimoni. Ko. Ko.

Nyumbani nilimwambia binti yangu yote, pamoja na njiti. Alisikiliza, akamwaga unga kidogo kwenye sinia, akaandika kwa kidole. Alikuwa na kichwa cha hesabu, shule ndiyo iliyomwacha. "Ona, Baba. Thelathini na saba mara tatu ni mia moja na kumi na moja. Mara sita, mia mbili ishirini na mbili. Mara tisa, mia tatu thelathini na tatu. Ona zinavyopanga foleni." Alikuwa anafurahi. Alitaka nami nifurahi. Niliona moja tatu zimesimama kwenye unga mweupe kama watu watatu kwenye vibao, mmoja juu ya mwingine, na nikafuta sinia kwa kiganja.

"Usirudi pale."

"Baba."

"Nakuomba. Sikuamuru, nakuomba."

"Na kodi ya nyumba tuiombe pia?" Akasimama. "Unadhani mimi sisikii? Nikikanyaga kile kibao nafumba macho. Najiimbia moyoni mpaka nifike. Halafu nachungulia chini nakuona wewe umenikodolea macho kama mtu anayesubiri maiti. Kila siku unanisikilizia kifo, Baba. Acha kunisikilizia!"

Akachukua sinia, akaingia ndani kulala.

Na kesho yake ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu, jua linaingia kwa madirisha ya juu, vumbi la unga limesimama hewani kama moshi usio na moto. Wanawake wa machekecheo walikuwa wameshapanda. Yeye alikuja nyuma yao, amechelewa, macho mekundu. Nilisimama mbele ya Shemeji.

"Pisha, Baba."

"Leo tu. Sema unaumwa."

"Pisha, watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Akapita ubavuni mwangu kama maji, akakanyaga kibao, akashika. Akapanda amenipa kisogo. Viatu vya turubai vikafika usawa wa kifua changu, wa macho yangu, vikazidi.

Ko-tko.

Nilijua kabla sijajua. Ule wa pili ulikuwa mwembamba, mkavu, kama kijiti kinachovunjika chini ya nguo. Nikasubiri, nikidhani sikio langu limezeeka. Gia ikazunguka, ikanguruma. Ko-tko.

"Miwani!" Nilipiga ukelele, jina la utani mbele ya watu, sikujali. "Injinia!"

Alitoka mbio bohari akasimama, kichwa upande. Ko-tko. Rangi ilimtoka usoni kama umemwagia maji. Akaenda kwenye swichi, akaweka mkono, hakubonyeza. "Nani yuko juu?"

"Binti yangu."

"Mwambie asitikisike. Mwambie akifika tu atoke." "Na asipande mwingine. Mzee, asipande hata paka!"

Nikauelekeza mdomo kwenye tundu la sakafu. "Mwanangu! Tulia hapo hapo! Ukifika toka! Usirukeruke!"

Alikuwa ameshapita ghorofa ya pili. Kutoka pale chini, ukitazama juu kupitia matundu, unaona vibao vikipanda vikipungua, na kwenye kimoja nyayo mbili ndogo. Mkanda ulikuwa unakwenda kwa mwendo wake ule ule wa bwana mkubwa. Kila mzunguko wa gia nilikuwa nasema, huu. Huu ndio. Halafu unapita, ko-tko, na nyayo ziko pale bado, na ule unaofuata umeshaanza kuja. Sijui nilikuwa namwomba Mungu au namwomba jino. Nadhani nilimwomba jino. Nilisema, ndugu yangu, umepigwa kwa niaba ya wenzako wote, najua, nimekuona, nilikutia chokaa. Vumilia kidogo tu.

"Kuna nini hapa? Kwa nini watu wamesimama?"

Keshokutwa. Suruali ya pasi, tumbo mbele. Nyuma yake vibarua walikuwa wameanza kukusanyika na kunong'ona.

"Gia inapasuka, Bosi," injinia akasema, sauti imepanda kama ya mtoto. "Mkanda usitumike."

"Inapasuka! Mzee huyu amekuambukiza?" Akawageukia watu, akaona macho yao, akaona hawacheki. Mtu wa cheo akiona watu hawacheki anakuwa hatari. "Haya. Mnaogopa? Tazameni. Mimi nina watoto na wake wa kuniombolezea, na ninapanda." Akashika kishikizo. Akakanyaga.

Mkanda ulikaza. Niliusikia. Turubai ililia, na mpigo ukawa mzito ghafla, KO-tko, kama mtu aliyekuwa anagonga kwa kidole sasa anagonga kwa ngumi.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu baadaye walisema mengi. Yule ndiye aliyefunga ngazi. Ndiye aliyefunga breki kwa waya. Ndiye aliyemwita mke wangu bahati mbaya. Sasa amepanda mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya mashahidi, na mimi nilikuwa na haki ya kukunja mikono nikatazama. Nimewaza jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, nalimung'unya kama mtu anavyomung'unya pipi.

Lakini juu kulikuwa na viatu vya turubai.

Nikamrukia. Nilimkamata kwa mkanda wa suruali na kola, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, tukaanguka pamoja sakafuni, yeye juu yangu, unga ukafuka. Alipiga kelele kwamba namuua. Sikumwokoa yeye. Nilipunguza uzito.

Mpigo ukarudi kuwa mwembamba. Ko-tko. Nilikuwa nimelala chali, meneja amenikalia tumboni ananitukana, na nilikuwa natazama juu kupitia matundu. Vibao vilikuwa vinapanda vitupu. Sikuona nyayo. Sikujua kama hazionekani kwa sababu ametoka au kwa sababu ni mbali. Sijawahi kuwa mtu mwenye hofu kama nilivyokuwa kwa muda ule, hata siku ya mama yake, kwa sababu siku ya mama yake sikujua mpaka ilipokwisha.

Halafu sauti yake, ndogo, kutoka mbali kabisa:

"Nimeshuka! Baba! Nimeshuka!"

Injinia hakuwahi hata kubonyeza. Kishimoni kulisikika mlio mmoja mfupi, kama kifuu cha nazi kinachopasuka, na bati likaruka. Mota ikaanza kuvuma peke yake, nyepesi, bila kazi. Shemeji ulitetemeka, ukaenda kidogo, ukasimama. Haukurudi nyuma. Hapakuwa na mtu wa kuuvuta.

Ndiyo hivyo tu. Nusu ya gia ilikuwa imelala kwenye grisi yangu, na jino lenye chokaa lilikuwa limebaki kwenye nusu ile, ufa wake umezama hadi kitovuni mwa gia.

Keshokutwa alisimama, akajipangusa unga. Akatazama mkanda uliosimama, akatazama watu. "Mmeona?" akasema. "Hakuna aliyeumia."

Nilifukuzwa jioni hiyo kwa kumshambulia kiongozi wa kazi. Wiki iliyofuata ilitangazwa kwamba meneja alikagua mkanda yeye mwenyewe na kuusimamisha kwa wakati. Injinia alisikia tangazo hilo amesimama nyuma ya watu, anafuta miwani.

Karakana walikuwa wameleta gia kesho yake tu ya kupasuka, asubuhi. Inang'aa. Thelathini na sita. Injinia safari hii, binti yangu alinisimulia, aliitoa nje, akaihesabu kwa sauti mbele ya wanawake wote wa machekecheo, jino kwa jino, akakunja mikono akasema basi. Hilo tu ndilo aliloweza, na nampa heshima yake. Yaliyobaki wanawake waliyamalizia. Binti yangu alikaa chini sakafuni mbele ya Shemeji, mwingine akakaa, na wengine wakakaa, unga haukuchekechwa asubuhi nzima, mpaka msimamizi alipoleta ufunguo na mlango wa nondo ukafunguliwa, ukilia kutu.

Sasa anapanda ngazi. Anarudi nyumbani miguu imevimba, anaiweka kwenye beseni la maji, analalamika, na mimi nasikiliza malalamiko yake kama redio.

Lakini Shemeji haukung'olewa. Unazunguka bado, na gia ile ile ya meno thelathini na sita. Ngazi ni nyingi, na wanaoajiriwa wapya hawajui lolote, wanaona mkanda unakwenda wenyewe na wenzao wanapanda kwa jasho, wanacheka. Ndiyo maana asubuhi nakwenda kusimama nje ya lango. Kila uso mpya naufuata. "Mwanangu, panda ngazi. Usikanyage kile kibao." Walinzi wamenizoea, wananiita Mzee Thelathini na Saba. Wakipita wakubwa na magari yao wanapandisha vioo. Nawaambia wapya, gawanyeni watu wa kiwanda hiki mnavyotaka, kwa wawili, kwa watatu, kwa wanne, wa ofisini na wa kishimoni, mmoja atabaki. Ndiye mimi.

Jana walikuja wasichana wawili, mikoba mipya begani. Mmoja alinisikiliza akaitikia, "Asante, Baba." Mwingine alimvuta mkono, "Twende, tutachelewa, huyo hana akili." Wakaingia. Nilisogea ukutani, nikaegemeza sikio kwenye tofali, mahali ninapojua kishimo kiko upande wa pili.

Ko.

Mmoja, bado. Nikabaki pale nimeshika ukuta, nasubiri kusikia kama kuna wa pili.